Wimbo wa Nne wa Albamu Mbaya

Jumatatu iliyopita Shija alinitumia ujumbe wa sauti. Hatukuwa tumesemezana kwa miaka mingi, namba yake hata sikuwa nayo. Picha ndiyo iliyonijulisha: mwanamke mnene kidogo, amempakata mtoto, na yale macho yake ya kutafuta ugomvi. Sauti ilikuwa ileile. Salamu alizipita haraka haraka, kisha akasema, "Kabula, ile albamu ya Luhende Waya, ile mbaya. Unayo?" Basi, hakuongeza neno. Nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa ninapofanya kazi hapa Shinyanga mjini, mgonjwa ananisubiri nimhesabie vidonge, nikarudia kuhesabu mara tatu.

Jioni nilimwaga mezani kopo la vifungo la marehemu mama. Lina harufu ya mafuta ya cherehani na chuma kilichoshikwashikwa. Ndani mna kila takataka: vifungo, zipu zilizong'oka meno, sindano iliyopinda, na memori kadi moja ndogo ya simu za zamani. Nilijua ninachokitafuta hakimo ndani ya kadi ile. Nilijua pia kwa nini hakimo. Lakini niliitoa, nikaipuliza vumbi, nikakaa nayo mkononi mpaka ikapata joto.

Luhende Waya hakuna mtoto wa Segese, kijijini kwetu, aliyewahi kumwona. Wengine walisema ni mlemavu, wengine kwamba ni pacha wawili wanaopokezana. Tulichojua ni kwamba alichukua mbina, ngoma yetu ya Kisukuma inayochezwa baada ya mavuno, akaitia kwenye kompyuta. Ngoma zake hazikupigwa na mkono wa mtu. Zilikuwa zinakimbia, juu yake kinanda kinalia kwa sauti nyembamba ya umeme, na wazee wakizisikia wanatikisa kichwa huku miguu inawasaliti. Albamu yake ya kwanza tuliijua kuliko tulivyojua jedwali la kuzidisha. Mjomba wangu Doto, mdogo wake mama, alikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye kadi, na sisi watoto wa darasa la tano tulikaa pale kila siku baada ya shule, tukishindana nani anaweza kuipiga kwa viganja kwenye benchi bila kukosea.

Bingwa alikuwa Shija. Alikuja Segese kutoka upande wa Geita tukiwa darasa la tatu, kuishi na bibi yake mzaa mama, aliyekuwa anauza michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, mezani mbele ya kibanda cha mjomba. Yule bibi masikio yake yalikuwa mazito, ukimwamkia shikamoo unarudia mara mbili ndipo akupe marahaba. Baba yake Shija alikuwa amefariki. Nilijua hivyo tu. Watoto hatuulizani marehemu alikufaje, na mama alinikataza kabisa kumchokonoa. Darasani tulikaa dawati moja. Tulikuwa marafiki wa kugawana hata muwa uliokwisha kutafunwa nusu.

Kisha ikaja albamu ya pili. Mjomba alitoka nayo Kahama kwenye kadi, tukajazana mpaka mlango ukazibwa. Wimbo wa kwanza ulikwenda polepole. Tukasubiri. Wa pili vilevile, na wa tatu ndiyo ulikuwa unajikokota kabisa, ngoma moja hapa, nyingine kule, katikati kimya. Watu wakaanza kutazamana. Wimbo wa nne ulipoanza, mmoja wetu alisema kompyuta ya mjomba imepata virusi, na mjomba mwenyewe akainama kukagua waya. Maana haukuwa na mwimbaji. Ulianza na mngurumo wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inayolia kutwa nzima huku kwetu. Karasha likaunguruma, likaunguruma, kisha likasikika gurudumu la kamba likilia juu ya mdomo wa duara, lile shimo la wachimbaji, na sauti ya kijana ikaita, "Chini, mhola?" Yaani huko chini ni salama? Kimya kirefu. Halafu kutoka mbali, kutoka tumboni mwa ardhi, sauti ya mwanamume ikajibu kwa kuvuta, "Mhola duhu." Salama tu. Hapo ndipo kinanda kilipoingia, noti moja tu, ikakaa hapohapo.

Shija alikuwa wa kwanza kusimama. "Hii mbaya," alisema. "Hii si ngoma. Ifutwe." Akatoka akiwakanyaga watu miguu.

Wengine wote wakamfuata kwa maneno. Luhende amelewa, Luhende ameishiwa, mwenye sikio haambiwi hii ni kelele. Mimi ile sauti ya chini nilikuwa naifahamu. Ilikuwa ya baba.

Baba alikuwa ameondoka tangu tulipomaliza kupandikiza mpunga. Zilivuma habari kwamba ng'ambo ya Geita kumetokea dhahabu, wanaume wakapanda malori, naye akapanda. Simu yake ikapatikana wiki mbili, kisha haikupatikana tena. Kila jioni mama alikuwa anapanda kichuguu nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na mtandao, ananyanyua simu juu, anashuka, anasema, "Baba yako yupo. Mtandao ndio haupo." Nilimwamini kwa nusu moja ya moyo. Nusu nyingine ilikuwa inaamka kila pikipiki ikisimama jirani, inasikiliza kama ni kwetu au si kwetu. Shuleni nilianza kutafuna kola ya shati mpaka ikatoboka.

Sasa baba alikuwa amepatikana. Alikuwa ndani ya wimbo wa nne, anasema ni salama tu, na rafiki yangu wa dawati moja anataka afutwe.

Mtu asiyezaliwa kwetu ataniona mjinga, lakini niliyoyawaza yalikuwa na msingi. Katika mbina hakuna mwamuzi wala alama. Pande mbili zinacheza uwanja mmoja, saa moja, na kila upande una dawa zake. Watu wanakimbilia penye raha, na atakayebaki na uwanja mtupu ameshindwa. Tena hakushindwa ngoma peke yake. Wakubwa walisema dawa ya mwenzake imemwangukia, na bahati mbaya itamfuata hadi nyumbani: sauti itakauka, ng'ombe atavunjika mguu, mtu wake ataugua. Basi mimi nikajiuliza, albamu ikikimbiwa na watu wote, yule anayeongea kutoka ndani yake atapatwa na nini? Swali hilo sikumwambia mtu yeyote, hata mama. Niliona nikilisema tu litatimia.

Nikaanza kuitetea ile albamu. Wenzangu walikuwa wanasema ngoma isiyochezeka ni kelele. Mimi nasema miguu si masikio. Wanasema haina maneno. Nasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nilisema kinanda kile kinasubiri, na kusubiri kuna utamu wake. Kwa kweli hoja nyingi nilizitunga njiani nikienda shule, kwa hofu tupu, maana ukweli wenyewe sikuweza kuusema. Lakini ukirudia jambo sana unaanza kulisikia. Nikaanza kusikia kwamba ngoma zimeachwa mbalimbali makusudi, ili karasha lipate nafasi, na kwamba ile noti moja ya kinanda inapanda kidogo sana, kama mtu anayevutwa kwa kamba. Hadi leo nashikilia kuwa ile ilikuwa albamu bora kuliko ya kwanza. Anayebisha aje.

Aliyekuwa anabisha ni Shija, na alibisha kwa hasira ambayo sikuielewa. Wengine walicheka na kupita. Yeye akisikia wimbo wa nne anaziba masikio, anataja kasoro zake moja moja, sauti inampanda. Siku moja njiani nikaishiwa na hoja, nikatafuta jiwe la kumrushia. Nikamwambia, "Wewe ni mshamba tu. Hujui hata duara likoje."

Alinitazama. Kisha akaongeza mwendo akaniacha. Mimi nikatembea kwa maringo nyuma yake, nikidhani nimemkomesha.

Mjomba Doto ndiye aliyetaka tumalize. Kompyuta yake ilikuwa imejaa, albamu moja kati ya mbili ilibidi itoke, na kelele zetu zilikuwa zinamfukuzia wateja. Akasema siku ya mnada ataweka sabufa mbili kwenye uwanja wa ghala la pamba, moja kila mwisho, kila moja na albamu yake, na watu wachague kwa miguu kama ilivyo desturi. Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Usiku ule sikulala, na kesho yake shuleni sikumsikia mwalimu.

Upande wangu ulihitaji dawa, na sikuwa na mganga. Nikachukua shati la baba la kazi lililokuwa linaning'inia nyuma ya mlango, nikakata utepe mwembamba chini kwenye pindo, mahali ambapo mama asingeona upesi. Siku ya mnada nikaufunga kwenye mguu wa sabufa yangu, nikapaka vumbi juu yake usionekane. Shija alisimama kule upande wa pili na albamu ya kwanza. Mjomba akawasha zote mbili.

Jamani, tulikuwa tunashindwa. Watu wametoka kuuza ng'ombe, wana furaha zao, nani atasimama kusikiliza karasha wakati anaishi nalo? Uwanja mzima ulikuwa kwa Shija. Vumbi linatimka, kina mama wanapiga vigelegele, yeye yuko katikati anapiga viganja. Kwangu walibaki watoto wanne na mlevi aliyekaa chini. Nililia machozi waziwazi. Kisha ukafika wimbo wa nne, na mjomba, sijui kwa huruma, akaongeza sauti ya sabufa yangu mpaka mwisho.

"Chini, mhola?"

Uwanja ukapungua kelele. Walikuwepo wachimbaji wengi siku ile, na wake za wachimbaji. Kwenye kile kimya kirefu niliona vichwa vikigeuka, na jibu lilipokuja, mwanamke mmoja alishika kifua. Watu wakaanza kuvuka. Hawakucheza. Walikuja wakasimama kuizunguka sabufa yangu, kofia mkononi, kama waliofika msibani. Nikatazama kule kwa Shija. Alikuwa ameacha kupiga viganja. Aligeuka akaenda nyuma ya ghala, na bila yeye upande wake ukavunjika wote.

Nilishinda. Mjomba akautangaza wimbo wa nne kuwa wimbo wa kufungulia kibanda. Kila asubuhi, kabla hata hajafagia, karasha linaunguruma, kijana anauliza, baba anajibu ni salama tu, na mimi naenda shule nikiwa nimepumua. Shija alihama dawati. Na jambo moja lilinikera: zamani alikuwa anakuja kwenye meza ya bibi yake jioni tu, sasa akawa anawahi asubuhi, anakaa ameupa kibanda mgongo, kimya, mpaka wimbo uishe. Alikuwa anachelewa shule kwa ajili hiyo na kuchapwa. Nilidhani anakuja kuninunia. Nikawa napita nimeinua kidevu.

Baba akarudi. Alirudi mchana wa kawaida, kwa miguu kutoka kituoni, amekonda, simu ameibiwa, mkononi ana mfuko wa sukari. Mama alikaa chini papo hapo kwenye vumbi. Mimi nilimning'inia shingoni, nikamwambia nilikuwa namsikia kila siku, nikamvuta mkono mpaka kwa mjomba kabla hajapewa hata maji. Nilitaka ajue kazi niliyoifanya. Nilimwambia mjomba auweke.

Baba alisikiliza akiwa amesimama. Lilipokuja lile jibu alivua kofia. Akaomba urudishwe, akasikiliza tena.

"Huyo si mimi," alisema. "Mimi huko sikupata hata duara la kuingia, nilikuwa navuta maji tu." Akatazama nje. "Huyo ni Mashauri. Nilifanya naye kazi duarani, kabla kifusi hakijamfunika yeye na wenzake, na hapo ndipo atakuwa alirekodiwa. Baba yake Shija huyo."

Nje, mezani, bibi yake Shija alikuwa anafukuza nzi. Niliona aibu ambayo sijaipata tena maishani, na nimekwisha kufanya mengi ya aibu. Hujui hata duara likoje. Nilimwambia nani maneno yale? Nikahesabu asubuhi zote ambazo sabufa ile ilikuwa imemwita baba yake atoke chini, mbele ya meza ya bibi yake, kwa sababu yangu.

Kesho yake niliwahi kwa mjomba, nikamwambia nimekuja kumfagilia. Alipotoka kutafuta chai niliifuta ile albamu yote. Siku zilizofuata kila mtoto aliyeleta kadi nilimwambia ile albamu ina virusi, na kwa kuwa mwanzoni walikuwa wamesema hivyo wenyewe, wakaamini, wakanipa kadi zao nizisafishe. Hata wakubwa wakaleta. Nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote, nikiwa najua namlipa Shija. Mpaka mwezi unaisha, Segese nzima hapakuwa na mtu mwenye wimbo wa nne.

Asubuhi ya kwanza ya kimya nilimkuta mezani, amekaa palepale. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi. Badala yake nilinunua michembe, nikasimama nayo mkononi. Ni yeye aliyeuliza, bila kunitazama, "Mbona leo hawajafungulia?"

"Umefutwa," nikasema. "Si ulitaka?"

Michembe ilikuwa imepangwa vizuri tayari. Shija aliivuruga, akaanza kuipanga upya, mmoja mmoja, polepole. Nikaondoka nikiamini nimemwona mtu aliyetuliwa mzigo. Mwisho wa mwaka Shija alihamia Chato kwa shangazi yake, na hatukuagana.

Juma zima lililopita niliitafuta albamu. Mjomba Doto, ambaye sasa ana duka la vipuri, aliniambia ile kompyuta aliiuza kama chuma chakavu. Luhende Waya mwenyewe, wanasema aliokoka, anapiga kinanda kanisani, na kanisa gani hawajui. Kadi ya kwenye kopo niliitia kwenye simu ya fundi jirani: kwaya, na picha tatu za mama zenye ukungu.

Ijumaa mchana nilifunga duka. Nilibonyeza kitufe cha kurekodi, nikamweleza Shija kila kitu, kuanzia utepe wa shati hadi virusi. Nilisema nilikuwa naogopa. Kisha nikampigia wimbo. Karasha nililipiga kwa kopo la vifungo juu ya kaunta. Gurudumu la kamba, kwa mlango wa kabati usiotiwa mafuta. Sauti ya kijana nikaiigiza mwenyewe. Nikaacha kimya kwa urefu wake wote, maana nilikuwa naukumbuka mpaka pumzi. Nikajibu, "Mhola duhu." Nikashikilia ile noti moja kwa pua mpaka koo likauma. Nikatuma kabla sijapata akili.

Aliusikiliza, niliona alama kwenye simu. Hakujibu siku hiyo, wala kesho yake. Nilitembea na simu mpaka chooni.

Jana ikaingia sauti yake, imekauka kidogo. "Umekosea," alisema. "Mhola duhu yako fupi. Baba alikuwa anaivuta, halafu anaishusha mwishoni. Hivi." Akaisema. Nyuma yake mtoto wake akairudia, akaivuta vizuri kuliko sisi wote wawili, akaambiwa arudie tena, akarudia. Kisha Shija akasema niendelee kutafuta, na nisijidanganye, ule wimbo ulikuwa mbaya tangu mwanzo.

Nilimjibu kwamba ulikuwa mzuri, na kwamba yeye muziki haujui. Tunabishana mpaka sasa hivi.